Barua ya wazi kwa Shirikisho la Riadha Kenya: Siku moja ya mchujo haimpimi mkimbiaji

Kwa Kamati Kuu ya Shirikisho la Riadha Kenya, jopo la uteuzi wa timu ya taifa, na Wizara inayosimamia michezo,

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, tunaandika kuhusu jambo linalobishaniwa kila timu inapotajwa, kisha husahaulika ndege ikishapaa. Mkimbiaji mkubwa wa masafa marefu ni nani? Ni yule anayetwaa dhahabu siku ya fainali, au ni yule ambaye kuanzia Mei hadi Septemba habanduki katika tatu bora? Sisi ni makocha, washika saa na watunza matokeo. Jibu letu ni kwamba uthabiti wa msimu ndio unaomtambulisha mkimbiaji mkubwa, na ubingwa ni mtihani wake mgumu kuliko yote. Ninyi mmeegemea mtihani peke yake. Mnateua kwa mchujo wa taifa wa siku moja, na tunapoenzi wanariadha wetu tunahesabu medali tu. Tunaomba yote mawili yarekebishwe, na tunaeleza namna.

Tuanze na mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, maana humo swali hili limejibiwa mara mbili kwa majibu yanayopingana. Ezekiel Kemboi alitwaa dhahabu ya Olimpiki Athens 2004 na London 2012, na ya dunia mara nne mfululizo: 2009, 2011, 2013 na 2015. Kabla ya hapo alikuwa ameshika fedha ya dunia mara tatu mfululizo, 2003, 2005 na 2007. Paul Kipsiele Koech alipata shaba Athens, na medali yake ya Olimpiki ikabaki hiyo hiyo. Lakini Diamond League, msururu wa mashindano ya kila msimu unaokusanya alama, ilipoanzishwa mwaka 2010, bingwa wa msimu wa kwanza alikuwa Koech, wa pili Koech, wa tatu Koech. Muda wake bora, dakika 7:54.31 aliouandikisha Roma tarehe 31 Mei 2012, unaupita ule wa Kemboi wa 7:55.76. Wiki chache baada ya Roma, timu ya London ilitajwa bila jina lake.

Hapa ni lazima tueleze tofauti ya mbio za Diamond League na fainali ya ubingwa, kwa sababu lawama nyingi hutokana na kuzichanganya. Katika Diamond League kuna mweka kasi anayevuta kundi hadi karibu mita 2,000, na kundi hukatika mapema likawa mstari. Ili umalize kwa 7:54 unahitaji wastani wa sekunde 63 na kidogo kwa kila mita 400, ukiwa na viunzi 28 vya sentimita 91.4 na maji mara saba. Aliye kwenye mstari anakiona kiunzi kutoka mbali, anahesabu hatua zake, anaruka bila kukata mwendo. Koech alikuwa bingwa wa kazi hiyo.

Fainali ya ubingwa ni mnyama mwingine. Hakuna mweka kasi. Miguu tayari imekimbia mkondo wa awali siku chache nyuma. Kemboi alishinda London kwa 8:18.56, sekunde 24 polepole kuliko Koech alivyokimbia Roma. Mwendo ukiwa wa kutegeana hivyo, watu kumi na zaidi hufika kwenye kiunzi wakiwa wamebanana, na aliye katikati hakioni mpaka aliye mbele yake aruke. Atakanyaga hatua fupi fupi, atapoteza mwendo, na pengine ataanguka, kama Brimin Kipruto alivyoanguka katika fainali hiyo hiyo ya London, yeye aliyekuwa amekimbia 7:53.64 mwaka mmoja nyuma, sehemu moja ya mia ya sekunde nje ya rekodi ya dunia. Kiunzi cha maji ni cha nne kati ya vitano vya kila mzunguko. Beseni lake lina urefu wa mita 3.66, na kina kikubwa kiko chini ya kiunzi chenyewe. Mwenye nguvu zilizobaki hukanyaga juu ya ubao, husukuma, na hutua kwa mguu mmoja mwishoni mwa beseni ambako maji ni haba. Aliyechoka hutua katikati, maji yakamfika kifundoni na zaidi, na mita mbili zimeshakwenda. Kemboi alijua kukaa nyuma ya viongozi hadi kengele ya mzunguko wa mwisho, kisha akafyatuka upande wa pili wa uwanja ili maji hayo ayafikie akiwa peke yake. Huo ni ujuzi kamili, na anayeuita bahati hajautazama vizuri.

Kwa hiyo hatuji kwenu kudai kwamba jedwali la alama za msimu litawale kila kitu. Atakayedai hivyo akumbuke mashindano ya dunia ya Beijing 2015. Jairus Birech alikuwa bingwa wa Diamond League wa 2014, na 2015 akautwaa tena. Kwa hesabu ya msimu hakuwa na mpinzani. Fainali ikamalizika Kemboi 8:11.28, Conseslus Kipruto 8:12.38, Brimin Kipruto 8:12.54, Birech 8:12.62. Wakenya wanne wa kwanza, na bingwa wa msimu ndiye aliyekosa medali, kwa sehemu nane za mia ya sekunde. Kisha tazameni Conseslus mwenyewe: dhahabu ya Rio 2016, ya dunia 2017 na 2019, na Diamond League 2016, 2017 na 2018. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote, na huyo ndiye kipimo chetu cha ukubwa.

Lakini mchujo wa siku moja haupimi lolote kati ya hivyo viwili. Hauna mweka kasi wala ushindani wa dunia, na aghalabu hufanyika Nairobi au Eldoret, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Eldoret ni mita 2,100 hivi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo anayejitoa mbele katika mita 5,000 au 10,000 analipa gharama ambayo wenzake hawalipi. Matokeo yake kila mtu anangoja, na mbio za mizunguko kumi na mbili na nusu zinageuka mbio za mita 800 za mwisho. Aliyetoka Ulaya siku tatu nyuma anakimbia akiwa na usingizi wa ndege mwilini. Kocha naye analazimika kuunoa mwili mara mbili, mara moja kwa mchujo, mara ya pili kwa fainali wiki tano au sita baadaye, na wengi hufika kwenye fainali wakiwa butu. Wahenga walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na kwa mkimbiaji wetu siku hiyo mara nyingi imeangukia mchujo.

Historia yetu imejaa mifano. Moses Kiptanui, bingwa wa dunia wa 1991, hakuwamo katika timu ya Barcelona 1992. Olimpiki ilimalizika tarehe 9 Agosti. Tarehe 16 aliandika rekodi ya dunia ya mita 3,000 mjini Cologne, 7:28.96. Tarehe 19, Zurich, akaandika rekodi ya dunia ya viunzi na maji, 8:02.08. Tunajua mtatujibu nini, na jibu lenu ni la haki: Barcelona bila Kiptanui, Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol walizoa medali zote tatu. Ndiyo. Enzi hizo Kenya ingeweza kuacha mtu wa namna hiyo nyumbani na bado ishike jukwaa lote. Tangu Soufiane El Bakkali wa Morocco alipotwaa dhahabu ya Tokyo mwaka 2021, anasa hiyo hatunayo tena.

Mwaka 1996 haukuwa na faraja kama hiyo. Daniel Komen alikosa timu ya Atlanta. Dhahabu ya mita 5,000 ikaenda Burundi kwa Venuste Niyongabo, 13:07.96. Tarehe 14 Agosti Komen alikimbia 12:45.09 Zurich na kumwacha Haile Gebrselassie. Tarehe 1 Septemba, Rieti, akakimbia mita 3,000 kwa 7:20.67, rekodi iliyodumu hadi Agosti 2024. Hatusemi angeshinda Atlanta. Fainali ya Olimpiki haishindwi kwenye karatasi. Tunasema mwanariadha aliyekuwa katika hali ile alistahili kusimama kwenye mstari wa kuanzia.

Mnaweza pia kusema kwamba marathon haina mchujo, kwamba jopo linatazama rekodi ya mtu. Ni kweli, na ndiyo maana tunaamini mnaweza. Lakini hata huko siku moja imeruhusiwa kufuta mwaka mzima. Geoffrey Mutai mwaka 2011 alishinda Boston kwa saa 2:03:02, kisha akashinda New York. Patrick Makau mwaka huo huo aliandika rekodi ya dunia Berlin, 2:03:38. Aprili 2012 Mutai aliachia njiani Boston katika joto la karibu nyuzi 30, na Makau akaachia njiani London. Wote wawili hawakwenda Olimpiki. Abel Kirui, bingwa wa dunia wa 2009 na 2011, na Wilson Kipsang walikwenda, wakaleta fedha na shaba nyuma ya Stephen Kiprotich wa Uganda. Medali mbili si haba, na Kirui alistahili. Kinachotuuma ni kwamba hakuna aliyejua kabla ya Aprili kipimo kitakuwa nini: je, ushindi wa mwaka jana, muda, ubingwa wa zamani, au mbio za mwisho tu? Mkimbiaji wa marathon hukimbia mara mbili kwa mwaka, labda tatu. Akiharibu moja kwa sababu ya joto, hana nafasi ya kuirudia kabla jina lake halijakatwa.

Jirani zetu Tanzania wametuonyesha kitu. Alphonce Simbu alikuwa wa tano Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, akawa wa saba katika marathon ya Olimpiki ya Tokyo iliyokimbiwa Sapporo, akawa wa 17 Paris 2024. Kwa macho ya anayehesabu dhahabu tu, huyo alikuwa ameshapita. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston kwa 2:05:04, na Septemba mwaka huo, Tokyo, akatwaa ubingwa wa dunia kwa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa kwa picha ya utepeni. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Miaka tisa ya kubaki karibu ndiyo iliyomfikisha mahali ambapo hatua moja ya mwisho ingeweza kuamua.

Kuna sababu nyingine ya kufuatilia msimu mzima, nayo ni ya kikanuni. Mwanariadha wa nchi iliyo katika kundi A, yaani zenye hatari kubwa ya matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku, na Kenya imo, haruhusiwi kushiriki Olimpiki au mashindano ya dunia bila kupimwa dawa hizo kwa kushtukizwa, nje ya mashindano, angalau mara tatu ndani ya miezi 10, vipimo vikipishana wiki tatu au zaidi. Kijana anayeibuka ghafla mchujoni na kushika nafasi ya pili bila vipimo hivyo hawezi kusafiri, hata mkimtaka. Nafasi yake inabaki wazi na mnaijaza kwa haraka haraka. Jedwali la msimu lingewapa majina ya kupeleka kwenye orodha ya vipimo miezi mingi kabla, wakati bado inasaidia.

Basi haya ndiyo tunayoyaomba.

Nafasi mbili katika kila mbio kuanzia mita 1,500 hadi 10,000 zibaki za mchujo. Hatutaki mchujo ufe. Ndio mlango pekee wa mkimbiaji wa Iten au Nyahururu asiye na wakala, na mlango huo ukifungwa tutaua kizazi kizima. Nafasi ya tatu, ambayo sasa imeachwa mikononi mwa jopo, iamuliwe na jedwali ambalo kanuni zake zimetangazwa kabla ya mbio za kwanza za msimu.

Hesabu iwe nyepesi kiasi kwamba mwanariadha anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Mtu wa kwanza katika Diamond League apate alama 8, wa pili 7, hadi wa nane alama 1, kama mashindano yenyewe yanavyofanya. Zihesabiwe mbio zake bora tano kwa mita 1,500, tatu kwa mita 5,000 na kwa viunzi na maji, mbili kwa mita 10,000, idadi zile zile zinazotumiwa katika orodha ya ubora ya dunia, ili pasiwe na hesabu mbili za kubishania. Mbio zisizo na mweka kasi, kama Michezo ya Jumuiya ya Madola, ubingwa wa Afrika na mbio za nyika za dunia, ziongezewe alama 3 kwa atakayemaliza ndani ya tatu bora, kwa sababu zinafanana zaidi na fainali. Kip Keino Classic, mashindano ya kimataifa ya Nairobi, na mashindano ya wikendi ya hapa nyumbani nayo yahesabiwe, kwa nusu ya alama, ili jedwali lisiwe mali ya wenye mawakala pekee. Hilo la mawakala ndilo tundu kubwa la mfumo wowote wa msimu, na tunalitaja wenyewe kabla hamjalitaja: njia za Diamond League hutolewa kwa mwaliko.

Mfano. Mkimbiaji wa kwanza amekuwa wa pili, wa tatu na wa pili: 7, 6 na 7, jumla 20. Mwenzake ameshinda mara moja, akawa wa tisa, kisha akaachia njiani: 8, sifuri, sifuri. Huyu wa pili akishinda mchujo, anakwenda, hakuna neno. Lakini wote wawili wakishindwa kupata zile nafasi mbili, aende mwenye 20. Aliye juu ya jedwali alazimike kumaliza mbio za mchujo ndani ya nane bora, ili tujue hana jeraha analolificha. Hapo ndipo mifumo ya namna hii huharibikia: mtu amekusanya alama zake Mei, mguu umeuma Juni, na kwenye fainali ya Agosti anachechemea hadi wa kumi na tatu.

Kwa mashindano ya dunia, amueni mapema pia suala la nafasi ya ziada. Bingwa mtetezi na bingwa wa Diamond League kila mmoja hupewa tiketi ya moja kwa moja, lakini wakiwa wa nchi moja ni mmoja tu anayeruhusiwa kuitumia. Semeni Januari nani atatangulia. Kwa maoni yetu awe bingwa mtetezi, na Doha 2019 inatuunga mkono: Conseslus Kipruto, aliyekuwa nje sehemu kubwa ya msimu kwa jeraha, aliutetea ubingwa wake kwa 8:01.35, sehemu moja ya mia mbele ya Lamecha Girma wa Ethiopia. Mtu aliyejijenga miaka mitatu mfululizo hastahili kufutwa na miezi sita ya maumivu.

Kwa marathon, ziangaliwe mbio mbili bora za miezi 18, na kuachia njiani katika joto la zaidi ya nyuzi 25 kusimhesabie mtu vibaya. Mita 10,000 ni mbio ambazo Kenya imeshinda Olimpiki mara moja tu kwa wanaume, Naftali Temu mwaka 1968. Mwaka 2024 mlipeleka mchujo wake Eugene, Marekani, ambako Beatrice Chebet alikimbia 28:54.14, rekodi ya dunia, kisha akaleta dhahabu mbili kutoka Paris. Wanaume waliochujwa siku ile ile hawakupata medali, kwa hiyo hatusemi uwanja wa mwinuko mdogo ni dawa ya kila ugonjwa. Hata hivyo ulikuwa uamuzi mzuri, uendelee.

Kuhusu kuenzi, tutasema machache. Henry Rono aliandika rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978: mita 5,000, viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hakuwahi kukimbia Olimpiki kwa sababu Kenya ilisusia Montreal na Moscow. Catherine Ndereba alikimbia marathon tano za ubingwa kati ya 2003 na 2008, za dunia tatu na za Olimpiki mbili, na hakushuka chini ya nafasi ya pili: dhahabu, fedha, fedha, dhahabu, fedha. Paul Tergat alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika miaka mitano mfululizo, 1995 hadi 1999, akashika rekodi ya dunia ya mita 10,000 na baadaye ya marathon. Sydney mwaka 2000 alichomoka zikiwa zimebaki kama mita 250, akaongoza mpaka hatua za mwisho kabisa, na Gebrselassie akampita kwa sekunde 0.09. Hesabu ya medali humweka Tergat safu moja na kila aliyewahi kupata fedha mara mbili. Tuzo za Serikali ziwe na fungu la bingwa wa msimu, kubwa kama la medali ya shaba ya Olimpiki, na liwafikie pia walioishi kabla ya Diamond League kuwapo.

Jambo la mwisho halina gharama. Siku ya mchujo, toeni muda wa kila mita 400 wa kila mshindi, na nafasi ya kila mkimbiaji kengele inapolia, kwenye karatasi moja, kabla uwanja haujafungwa. Jopo likimteua aliyekuwa wa nne, liandike mistari mitatu ya sababu chini ya karatasi hiyo hiyo na wajumbe watie saini.

Wenu katika riadha,

Makocha, washika saa na watunza matokeo wa mbio za masafa marefu